Darasa la Watoto Wenye Usonji Lifike Kwetu

Tunaosema hapa ni wazazi wa watoto wenye usonji. Wengi wao huchelewa kusema. Ukimwita hageuki, kelele za darasa lililojaa zinamtesa. Hajarogwa, wala si malezi mabaya, ingawa tumesemwa sana! Mara nyingi dalili huonekana kabla ya miaka 3, na akifundishwa mapema anasaidika. Dar es Salaam, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ina kitengo chao. Lakini mtoto wa miaka 5 utampeleka Dar akalale kwa nani? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma. Basi tunaomba chumba kimoja katika shule ya kata yetu, na mwalimu mmoja apelekwe Chuo cha Patandi, Arusha, akasomee kazi hii. Matofali tutafyatua wenyewe.