Kutoka Katika Umoja: Maoni Yetu Juu ya Uingereza



Tumeombwa kusema machache juu ya swali ambalo baadhi yenu mmekuwa mkiuliza: je, ni vyema nchi kutoka katika umoja iliyoingia kwa hiari yake? Tutachukua mfano wa Uingereza, maana habari zake zinajulikana, na mambo hayo yaliwafikia hata wakulima wetu wa mishiri.

Uingereza iliingia katika jumuiya ya Ulaya mwaka 1973. Tarehe 23 Juni 2016 wananchi walipiga kura. Waliotaka kutoka walikuwa asilimia 51.9, waliotaka kubaki asilimia 48.1. Huko Scotland na Ireland ya Kaskazini wengi walisema tubaki, lakini ilibidi wafuate wenzao.

Sisi tunasema haki ya kutoka walikuwa nayo. Tena baadhi ya waliopiga kura ya kutoka waliishi katika miji ambayo viwanda vilifungwa zamani na wakubwa hawakuwasikiliza. Mwanachama asiyesikilizwa hutafuta mlango, hiyo hata hapa kwetu tumeiona.

Shida ilikuwa swali lenyewe. Kubaki au kutoka, basi. Hawakuelezwa mpaka utakaa wapi, ushuru utakuwa kiasi gani, wala madeni yatalipwa vipi. Baada ya kura ndipo viongozi wakaanza kubishana watoke kwa njia gani. Mwaka 2019 Bi. Theresa May alipeleka mapatano Bungeni mara tatu, yakakataliwa mara tatu. Walitoka tarehe 31 Januari 2020.

Na hesabu je? Waliotaka kutoka waliandika kwenye basi lao kwamba Uingereza hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki. Hawakutoa punguzo ambalo Uingereza ilipewa kabla ya kulipa, wala pesa zilizorudi kwa wakulima wao. Akina mama, mtu wa namna hii mnamjua. Anakuja mkutanoni na kijitabu, amejumlisha kila shilingi aliyoweka, lakini mkopo wa ng'ombe hauonekani popote! Mwishowe serikali yao yenyewe mwaka 2017 ilikadiria kwamba kulipa madeni ya kutoka kungegharimu pauni kati ya bilioni 35 na 39.

Lakini jambo lililotugusa zaidi ni Ireland. Mpaka kati ya Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland ni kama kilomita 500, na kuna watu wenye mashamba pande zote mbili. Watu waliuana huko miaka mingi mpaka yakapatikana mapatano ya amani ya mwaka 1998. Askari na vizuizi viliondolewa barabarani, mtu akawa anavuka kwenda sokoni bila kuulizwa. Sasa nchi moja imo katika umoja na nyingine imetoka: mizigo ikaguliwe wapi? Walipoogopa kurudisha vizuizi pale, ukaguzi ukapelekwa kwenye bandari za Ireland ya Kaskazini, yaani ndani ya Uingereza yenyewe. Bidhaa zinazotoka Uingereza zikaanza kukaguliwa kwenda Uingereza! Masharti hayo yalibidi kurekebishwa tena mwaka 2023.

Na sisi Kenya? Maua na mishiri yetu yalikuwa yakiingia Uingereza bila ushuru kwa sababu ya mpango wetu na Ulaya. Uingereza ilipotoka, mpango huo haukuifuata. Ilibidi serikali yetu ipatane nayo upya, na mkataba ukatiwa sahihi London Desemba 2020, zikiwa zimebaki wiki chache tu. Kama wangechelewa, mkulima wa robo eka ambaye hakupiga kura yoyote angelipia.

Tumesoma katiba za vikundi vingi tunavyotembelea. Kiingilio kimeandikwa, faini ya kuchelewa imeandikwa hadi shilingi. Juu ya kutoka, mara nyingi ni mstari mmoja. Hisa atarudishiwa baada ya muda gani? Na kama alimdhamini mwenzake ambaye bado analipa, mkopo ule utabaki na nani? Mkutano ujao leteni katiba zenu, tukitazame kifungu hicho sasa, wakati hakuna aliyekasirika.