Chanjo ya Mtoto: Kliniki au Duka la Dawa?



Katika jumuiya zetu hapa Mwanjelwa wazazi huuliza: kwa nini mtoto asichanjwe kwenye duka la dawa? Huko Marekani, Agosti 2020, wafamasia waliruhusiwa kuwachanja watoto wa miaka 3 hadi 18, chanjo ya mafua ikiwamo. Kwetu chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto. Zimo za surua, polio, kifaduro na nyinginezo, nazo hutolewa bure kliniki.

Bure, lakini muda nao una bei. Mama mwenye meza ya nyanya sokoni akikaa foleni tangu asubuhi hadi saa saba, siku hiyo hauzi. Duka la dawa li karibu, na jioni bado li wazi. Ndiyo maana wazazi wengine hulitamani.

Wengine huuliza: aliye nyuma ya kaunta ni nani? Wana haki ya kuuliza. Mfamasia amesoma chuo kikuu miaka kadhaa. Muuzaji wa duka la dawa muhimu amepata mafunzo mafupi, wala hana ruhusa ya kumdunga mtu sindano. Watu huwachanganya hao wawili, maana wote huvaa koti jeupe.

Tena chanjo hutunzwa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Umeme ukikatika usiku, nani atajua? Nani ataandika kwenye kadi ya mtoto? Na ikiwa chanjo itauzwa, mwenye fedha atachanja mtoto jioni, naye asiye nazo atabaki katika foleni ileile. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa la haki.

Hatusemi duka lisichanje kamwe. Twasema huduma ya bure ianze kumfuata mzazi. Machi 2022, baada ya polio kugunduliwa Malawi, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Kumbe yawezekana.

Tunakusudia kuiomba Kamati ya Maendeleo ya Kata kliniki ya jioni karibu na soko, hata mara moja kwa juma. Viongozi wa jumuiya, tuleteeni idadi ya watoto walioachia chanjo njiani, bila majina, na saa ambazo mama zao wanaweza kufika.