Kanzu Ndogo ya Samweli

Somo: 1 Samweli 2:18–26, Luka 2:52

Aliye na Biblia karibu na aifungue katika Samweli wa Kwanza, sura ya 2. Asiye nayo na asikilize tu.

Tunamjua Hana, mama yake Samweli. Alimwomba Mungu mtoto kwa machozi, naye alipompata akamtoa amtumikie Bwana huko Shilo, chini ya kuhani Eli. Yeye mwenyewe alikaa Rama, na kila mwaka alipokwenda pamoja na mumewe kutoa dhabihu, alimchukulia mwanawe kanzu ndogo aliyomshonea.

Hebu tufikiri kidogo juu ya kanzu hiyo. Mtoto hakai na kimo kimoja. Kanzu ya mwaka jana haimtoshi mwaka huu. Basi Hana, akiwa mbali, alikata kitambaa kwa kipimo gani? Maandiko hayatuambii. Lakini kila fundi wa nguo anajua kwamba huwezi kumshonea mtu usiyemtazama. Tunaamini kwamba mama huyu alipofika Shilo alimtazama mwanawe vizuri: mabega yamefika wapi, mikono imerefuka kiasi gani. Akarudi nyumbani na kipimo hicho moyoni, akakiongezea kidogo.

Wapenzi, sisi hatukumtazama mtoto wetu hivyo. Tunataka kuwasimulia jambo hili, ingawa linatuaibisha.

Mtoto wetu wa tatu alizaliwa na afya njema. Tulimpeleka kliniki kwa chanjo zote za mwanzo, mpaka ile ya wiki ya 14. Alipotimiza miezi 6 alipimwa, akawa na kilo 7.6. Tukashukuru, tukaitia kadi katika sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo. Hatukuitoa tena mpaka chanjo ya surua, alipotimiza miezi 9. Siku hiyo muuguzi alimtundika kwenye mizani, akasoma kilo 7.7. Akatia alama katika kadi, akaiunganisha na ile ya zamani, kisha akatuonyesha.

“Mama, Baba, hebu tazameni. Mstari umelala.”

Tulimjibu upesi kwamba mtoto haumwi. Anacheka, anatambaa. Majirani walikuwa wamesema ni meno, na sisi tulikuwa tumekubali. Muuguzi hakubishana nasi. Aliuliza tu: “Anakula mara ngapi kwa siku? Nani humlisha?”

Tulitazamana. Hakuna aliyeweza kujibu. Tuliweza kukuambia ni mabati mangapi yamebaki kununuliwa kwa paa la kanisa, na ni nani hajatoa ahadi yake ya harambee. Hesabu hizo tulikuwa nazo kichwani. Lakini mtoto wetu mwenyewe alikula mara ngapi jana, hatukujua.

Muuguzi alituambia tununue daftari la shule. Kwa siku 7 tuandike kila anachokula mtoto, saa ngapi, kiasi gani, na ni nani aliyemlisha. Tuandike pia alivyolala, na kama ameharisha au amekohoa.

Tukaandika. Siku ya nane tulikaa mezani, mume na mke, tukalisoma daftari lile kama mtu anavyosoma barua ya mashtaka. Lilisema mambo matatu. Kwanza, uji wake ulikuwa mwepesi kama maji, nao alipewa mara mbili tu. Pili, alipokaa na mtu mzima alimaliza kikombe. Alipowekewa tu, alikimwaga. Tatu, Jumatano na Jumamosi aliachwa na dada yake mdogo wa shule, akapewa chai na kipande cha mkate mpaka jioni. Na siku hizo mbili tulikuwa wapi? Tulikuwa kanisani, katika mikutano. Siku zetu za utumishi ndizo zilizokuwa siku za njaa ya mtoto wetu.

Hatukulia sana, maana kulia hakumshibishi mtoto. Tuliongeza unga katika uji, tukatia maziwa. Tukamponda maharagwe, yai na parachichi. Mama aliendelea kumnyonyesha. Tulihakikisha anakula mara tatu, na kitu kidogo katikati, na mtu mzima ameketi naye. Mkutano mmoja tulimwachia mzee wa kanisa auongoze, naye akauongoza vizuri kuliko sisi. Mwezi uliofuata tulirudi kliniki. Mstari ulikuwa umeanza kuinuka.

Kadi hii ina historia ambayo Wakristo wanapaswa kuijua. Katika miaka ya 1950, daktari Mwingereza, David Morley, alitumika katika hospitali ya misheni huko Ilesha, Nigeria. Katika kijiji cha Imesi-Ile aliona watoto wakidhoofika polepole, na wazazi wasitambue mpaka wamechelewa. Basi alitumia kadi yenye njia iliyochorwa, mtoto awekewe alama humo kila apimwapo, na mama aitunze mwenyewe nyumbani. Alijua kwamba mama ndiye mlinzi wa kwanza wa mtoto. Kadi za namna hiyo zimeenea katika nchi nyingi, na hapa kwetu Kenya mstari huo umo ndani ya kijitabu cha mama na mtoto.

Na je, vipimo hivyo ni vya watoto wa Ulaya tu, kama wengine wanavyonung'unika? Sivyo. Mwaka wa 2006 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa vipimo vipya vilivyotokana na watoto wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Watoto walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri walikua kwa namna inayofanana sana, ingawa rangi na lugha zao ni mbalimbali. Mtume Paulo aliwafundisha watu wa Athene jambo lilo hilo, kwamba asili yetu wanadamu ni moja.

Lakini tuwe na hadhari katika kupima. Mfalme Daudi aliwahesabu watu wake kwa kiburi, na hesabu ile ikawa msiba. Wako wazazi wanaopima watoto wao ili kuwashinda jirani. “Wako ana kilo ngapi? Wangu ameshatembea!” Siku hizi simu za mkononi zinaweza kuhesabu usingizi wa mtoto, chakula chake na hata hatua zake, na wengine huzitangaza hesabu hizo kwa watu wasiowajua. Mtoto si mbuzi wa mnadani. Usimlinganishe na wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Alama moja haisemi mengi. Mstari ndio unaosema.

Tena, usiandike makosa ya mtoto kama askari anayetafuta ushahidi. Kama mwanao mkubwa anakojoa kitandani, au amekuwa mkali, andika siku na saa, kisha jiulize: siku hiyo kulikuwa na nini nyumbani? Huenda daftari litakuonyesha ugomvi wenu ninyi wazazi kabla halijakuonyesha kosa lake.

Na kumbukeni, mizani haipimi yote. Luka anatuambia kwamba Bwana Yesu naye alikua, si katika kimo tu, bali pia katika hekima, na katika kupendwa na Mungu na watu. Muuguzi atakusaidia kwa kimo. Hayo mengine hayaandikwi kwa kilo, lakini hayo nayo yanahitaji mzazi anayetazama.

Mchungaji wa ule mfano alijuaje kwamba kondoo mmoja amepotea? Alihesabu. Na alipokuta 99, hakuandika tu 99 kitabuni akalala. Aliondoka akamtafuta. Hesabu ya upendo huishia miguuni.

Basi, mpendwa, leo hii itoe kadi sandukuni. Tazama alama ya mwisho ni ya lini. Kama mstari umelala, usingoje meno yaote. Mpeleke mtoto kliniki.

Na tuombe.

Ee Baba, wewe uliyetufahamu kabla hatujazaliwa, utusamehe sisi tuliohesabu mengi tukawasahau wadogo wetu. Utupe macho ya Hana, tuwatazame watoto wetu kila siku wanapokua. Wabariki wauguzi wanaowapima, na wazazi walio na mtoto dhaifu asubuhi hii. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.