Dada Aliyesimama Kando ya Mto
Somo: Kutoka 2:1–10

Wenye Biblia tufungue Kutoka sura ya pili. Habari hii tunaijua tangu shule ya Jumapili: kitoto cha miezi mitatu ndani ya kisafina, katikati ya matete ya mto. Tunapoihubiri tunamtaja Musa, tunamtaja mama yake, tunamtaja binti Farao. Leo ninataka tumtazame yule ambaye sura hii haitaji hata jina lake: dada yake mtoto. Mstari wa nne unasema alisimama mbali aone yatakayompata.

Angalieni vizuri aliyekuja. Ni mgeni. Si mgeni tu, ni binti ya mfalme aliyetoa amri ya kuua watoto wa Waebrania. Yule dada angeweza kukimbia, tena angeweza kupiga kelele. Akangoja. Alipoona mgeni amemhurumia mtoto kwa sababu analia, akatoka alipokuwa amesimama, akaenda kuuliza swali: nikuitie mlezi katika wanawake wa Kiebrania? Kwa swali hilo moja, mtoto alirudi kwenye ziwa la mama yake.

Ndugu zangu, sisi wa Kivu Kaskazini tunaujua mto huo. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia kwetu. Ilitangazwa kuwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa, na watoto walikuwa wengi kati yao. Kulikuwa pia na watoto ambao hawakuwa wagonjwa lakini mama zao walikuwa wameingia CTE. Mtoto wa namna hiyo ni nani atamshika? Amegusana na mgonjwa, lazima aangaliwe siku 21. Jirani anaogopa. Shangazi ana watoto wake. Na mtoto wa miezi sita haelewi maneno ya daktari; anachojua ni kwamba harufu ya mama haipo.

Hapo ndipo palifunguliwa kreshi karibu na CTE, Beni na Butembo, kwa msaada wa UNICEF. Waliowabeba watoto hao mchana na usiku walikuwa watu waliokuwa wameugua Ebola wakapona. Mwili uliopona una kinga, kwa hiyo waliweza kufika karibu kuliko wengine. Waliwapa maziwa, wakawapima joto, wakawaimbia mpaka wakalala. Wengine waliingia kukaa na watoto waliokuwa wagonjwa kabisa, ndani ya vitanda vile ambavyo wao wenyewe walikuwa wametoka. Na wengi walikuwa wamezika mume, au mke, au mtoto wao wenyewe. Mimi nikisikia neno kujitolea, hao ndio ninaowaona kwanza.

Wapo wanaouliza: kama walipewa kitu kidogo cha pesa, je, huko bado ni kujitolea? Soma mstari wa tisa. Mama wa Musa alipewa mshahara kwa kumnyonyesha mtoto aliyemzaa mwenyewe. Je, alimpenda kidogo zaidi? Tusiwapimie watu upendo kwa franka.

Sasa tuzungumze juu ya wageni, maana walikuja wengi, na bado wanakuja. Kuna waliokuja wakatoa uhai wao. Daktari Richard Mouzoko alitoka Kameruni kupigana na Ebola hapa kwetu. Tarehe 19 Aprili 2019 alikuwa katika mkutano wa kazi kwenye Kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, hapa Butembo, watu wenye silaha wakaingia, wakamuua. Hakuwa na shamba hapa, wala ukoo, wala kura. Mwezi wa Februari mwaka huohuo CTE ya Katwa na ile ya Butembo zilishambuliwa na kuchomwa moto, ndani mna wagonjwa. Uvumi ulisema wageni wameleta ugonjwa ili wapate pesa. Uvumi huo ulipita hata katika viti vya makanisa, tusijifiche.

Lakini kuna wageni wa aina nyingine. Mwezi wa Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na OMS yenyewe ilitoa ripoti juu ya wanawake na wasichana waliotumiwa vibaya wakati wa Ebola. Washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS. Wengine walikuwa watu wa kwetu kabisa, wengine walitoka ng'ambo. Wanawake waliahidiwa kazi, kisha wakadaiwa miili yao. Wapo waliozaa watoto kwa njia hiyo, na watoto hao sasa wanatembea katika mitaa yetu. Wakati ule dada wa kando ya mto alikuwa wapi?

Kuwafukuza wote kwa mawe, hilo ni jambo la watu wasiotazama. Kuwapokea wote kwa makofi, kwa sababu gari ni kubwa na fulana ina maandishi, hilo nalo ni la watu wasiotazama. Dada wa Musa alitazama kwanza, kisha akauliza. Na binti Farao, ingawa alikuwa mkubwa, hakukasirika kuulizwa. Hiyo ni alama nzuri ya kumjua mgeni mwema.

Kwa hiyo mgeni akija kusema anataka kucheza na watoto wetu, kuwafundisha, kuwaombea, tumkaribishe, tumpe kiti na chai. Halafu tumuulize: nani amekutuma? Tukitaka kulalamika, tumpigie nani? Utakaa muda gani? Asikae na mtoto peke yake chumbani. Asimpeleke mtoto popote kwa gari au pikipiki bila mzazi kujua. Asimpige picha mtoto mwenye kidonda bila ruhusa ya wenyewe. Na sheria hii si ya wazungu tu. Ni ya mwalimu wa shule ya Jumapili, ya mwana kwaya, ya pasta pia. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtoto chini ya miaka 18, hata dhidi ya sisi tunaomwita mchawi kwa sababu wazazi wake wamekufa.

Tangu Oktoba 2014 mauaji hayajakoma katika eneo la Beni, na watoto waliokimbia wako katika nyumba zetu, wanane juu ya mkeka mmoja. Kuna watu wanaoona yatima kama mlango wa msaada. Wanamtoa mtoto kwa bibi yake, wanamweka kwenye nyumba yenye kibao, ili mgeni akija wiki mbili apate wa kuwabeba. Mgeni anarudi kwao na picha. Mtoto anabaki akiuliza jina lake. Bibi alikuwa anahitaji gunia la unga, godoro na ada ya shule, si kunyang'anywa mjukuu. Ukitaka kusaidia, msaidie bibi. Binti Farao alifanya hivyo: alimlipa mama, na mama akamchukua mtoto nyumbani.

Jumamosi hii wamama na vijana watatembelea familia zinazolea watoto waliokimbia. Tutaanza saa mbili asubuhi, wawili wawili, hakuna anayekwenda peke yake. Njooni na sabuni, chumvi, na nguo zilizofuliwa, si zile mnazotaka kutupa. Mliopona Ebola, tunawaomba sana mje. Kuna watoto mliowabeba kreshi ambao sasa wanasoma, na wengine wanataka kuwaona tena.

Tusimame tulipo, tuombe kwa ajili ya watoto hao kwa majina. Mwenye kumjua mmoja, amtaje sasa mbele za Bwana.