Mbwa Wetu na Siku ya Chanjo



Mbwa hulinda zizi usiku kucha, lakini siku ya chanjo wengi wetu humwacha nyumbani. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaoaminika kutoka kwa mbwa wa vijijini, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Baada ya hapo wataalamu, wakiwemo wa Afya Serengeti, wakaanza kuzunguka vijiji vinavyopakana na hifadhi wakichanja mbwa dhidi ya maradhi hayo na kichaa cha mbwa.

Kichaa hudhibitiwa pale mbwa 70 katika kila 100 wanapochanjwa. Kila mwaka huzaliwa wengine wasio na kinga; ndiyo maana wachanjaji hurudi. Mleteni hata mtoto wa mbwa. Naye mbwa wa jalalani, anayemtupia makombo na amfunge kamba amlete. Kuwaua si dawa: nafasi ya aliyechanjwa hushikwa na asiyechanjwa.

Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dalili za kichaa zikishaanza, hospitali haina tiba ya kumponya.