Je, Jina Lako Limo Katika Daftari?

(Hotuba kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Garsen)

Najua kuna walioacha shamba, na kuna walioacha mifugo, ili wafike hapa.

Kila niendapo vijijini naulizwa: "Hii sheria ya ardhi ya jamii inatuhusu vipi?" Leo tulijibu pamoja, polepole.

Zamani ardhi yetu nyingi ilikuwa mikononi mwa baraza la kaunti. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, ikasema ardhi ya jamii ni ya jamii yenyewe. Kisha Sheria ya Ardhi ya Jamii ikaanza kutumika Septemba 2016. Pale ambapo jamii haijasajiliwa, serikali ya kaunti inaishika ardhi hiyo kama amana tu. Haina ruhusa kuiuza. Na Serikali ikichukua kipande kwa barabara au mradi, fidia huwekwa katika akaunti yenye riba mpaka jamii isajiliwe. Basi mnaona: bila kusajiliwa, pesa ni zenu lakini hamwezi kuzigusa.

Usajili unaendaje? Msajili wa ardhi ya jamii hutangaza mkutano kwa gazeti na redio. Watu wote wanaitwa. Mnachagua kamati ya watu 7 hadi 15. Mnaandika daftari la wanajamii wote. Mnampelekea msajili jina la jamii, daftari hilo, kumbukumbu za mkutano na kanuni zenu. Baadaye ardhi hupimwa na hati hutolewa. Wenzetu wa Il Ngwesi na Musul huko Laikipia walifika mwisho wa njia hiyo.

Sasa, jamani, nani kijijini amezoea kuandika majina, kuchukua kumbukumbu na kutunza kanuni? Si nyinyi wa vikundi? Ujuzi mlioupata kwa merigoraundi na mashamba ya pamoja ndio unaotakiwa hapa. Lakini msichanganye mambo. Cheti cha kikundi kutoka ofisi ya Maendeleo ya Jamii si hati ya ardhi. Kikundi cha watu 20 hakiwezi kusajili ardhi ya kijiji kizima kuwa yake. Kazi yenu ni kuhakikisha kila mtu ameandikwa.

Kila mtu, nasema. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kina mama, sikilizeni vizuri. Sheria inakataza ubaguzi. Mwanamke aliyeolewa katika jamii ni mwanajamii moja kwa moja. Mume akifa, mjane haondolewi; anabaki mwanajamii maadamu hajaolewa tena. Kwa hiyo asikubali kuambiwa, "Wewe ni mgeni, jina la shemeji linatosha." Vijana waliofika miaka 18 nao waandikwe, hata kama wako Mombasa kwa kazi. Maana jambo la kuuza au kutoa ardhi halipiti mpaka theluthi mbili ya watu wazima walioandikwa wakubali. Makubaliano na mwekezaji pia yanataka theluthi mbili. Kwa mfano, mkiwa 300, ni watu 200. Asiyeandikwa hahesabiwi.

Liko jambo moja zito, nalo nitalisema wazi. Sisi wa Tana tunajua ardhi ikigawanywa vibaya inaleta nini. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta hii. Mkulima anataka shamba la kando ya mto. Mfugaji anataka malka, ng'ombe wafike majini wakati wa kiangazi. Wote wawili wana haja ya kweli. Mipaka ikichorwa na upande mmoja peke yake, malka itafungwa au shamba litakanyagwa, nasi tutarudi kule kule.

Sheria yenyewe inatupa njia. Haikusema jamii ni kabila moja tu. Watu wanaweza kuwa jamii kwa sababu ya mahali wanapoishi au maslahi yao ya pamoja. Na jamii iliyosajiliwa inaweza kumpa asiye mwanajamii haki ya kuchunga, kwa masharti yaliyokubaliwa. Basi, kabla ya mpimaji kuja, wazee wa Wapokomo, Waorma na Wawardei wakae chini. Malka zitajwe moja moja kwa majina na ziandikwe katika kanuni. Wakulima waseme ni miezi gani mazao yako shambani. Mkikosana, sheria inataka njia za usuluhishi zilizo katika kanuni zenu zijaribiwe kwanza.

Msaada upo. Anzeni kwa chifu na ofisi ya ardhi ya kaunti. Tume ya Taifa ya Ardhi pia hupokea malalamiko. Wasaidizi wa sheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Kamati ya Haki na Amani ya parokia itawasaidia, uwe Mkristo au Mwislamu.

Wiki hii, kila kikundi kifanye mambo matatu: kuhesabu watu wazima wa kijiji, kuona nani hana kitambulisho, na kutuma watu wawili kuzungumza na jirani wa upande wa pili.

Sasa maswali.