Bei ya mchezaji huru

Msimu wa mavuno hapa Izia, mnunuzi wa mahindi hadanganywi na ukubwa wa gunia. Hutia mkono ndani, hung'ata punje kupima ukavu, ndipo hutaja bei. Mpira wa kikapu ni vivyo hivyo. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa mita 2.21, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya NBA. Mshahara wake ulifuata nafasi hiyo. Mwaka 2012 alijiunga na Oklahoma City Thunder akiwa mchezaji huru, asiyefungwa na mkataba wa klabu yoyote, na hapo hesabu hubadilika: dakika, pointi, mipira anayozuia, umri, afya, na klabu ngapi zinamgombea. Gunia likiwa na mnunuzi mmoja tu, bei huipanga yeye.